Nani Alimfungulia Mlango

Kitoto kililia usiku kucha. Sauti moja tu, nyembamba, ilipenya ukuta wa matofali, ikamkuta Gaudensi yuko macho. Kulipopambazuka alivaa koti lake zito, akaburuta miguu kwenye baridi hadi kona ya barabara ya Mollo, kwenye benchi la Rozina muuza kahawa. Hapo ndipo anapotengeneza baiskeli, na hapo watu humwita Spoku. Mjukuu wake, mtoto wa Lydia, alikuwa na wiki moja na hakuwa na jina. Wazee wa ukoo walikuwa wamempakata na kumtajia majina ya marehemu wao, maana kwao mtoto anayelia hivyo anadai jina la mtu wake, likitajwa, hunyamaza. Hakunyamaza. Lilibaki jina moja. Gaudensi alilijua, na baba yake alikuwa amemwapisha asilitamke.

Benchi lilikuwa limeshawaka moto wa mabishano. Mwezi mzima redio ya mjini ilikuwa ikisoma riwaya ya utumwa kila jioni, habari za binti Subira aliyetolewa Ufipa na kuteremshwa Kirando, ziwani, akiwa amefungwa shingo. Jana aliuzwa. Mji mzima ulilia, na mji mzima uliamka na hasira.

— Utumwa nimeufundisha darasani mpaka chaki ikanila vidole! alifoka Cleophas, mwalimu mstaafu, ambaye kijiweni huitwa Mhadhara. Watoto walisinzia. Riwaya imekuja, hata wauza nyanya wanalia!

— Kulia tu, mwalimu? aliuliza Adriano wa bodaboda, anayeitwa Kipaza kwa sauti yake. Mimi nataka mtu akamatwe!

— Nani? Wamekufa wote.

— Basi likamatwe ziwa!

— Utalitia pingu wapi, Kipaza? aliuliza Rozina, akimimina.

— Cheka tu. Mimi dagaa wa Kirando nimesusa.

— Jana umekula kwangu mpaka ukalamba sahani.

— Jana kabla ya redio! Kabla sijajua!

— Dagaa hawana kosa, alisema Cleophas. Kosa la boti. Kila boti inayokaribia bandari ya Kipili isimame majini, abiria wasomewe riwaya yote. Asiyelia asishuke.

— Na mwenye macho makavu? aliuliza Rozina.

— Arudishwe alikotoka!

— Mimi naongeza, alisema Adriano. Kila mtoto wa kike Ufipa hii aitwe Subira. Juzi kliniki nesi kaita Subira, akina mama wakasimama benchi zima.

Gaudensi aliinamia rimu aliyokuwa akiinyoosha. Alfajiri Lydia alikuwa amemwambia: Baba, kama jina hakuna, Jumapili padri atambatiza Subira.

Ndipo alipofika Masanja, akisukuma baiskeli yenye dumu la maziwa. Yeye ni mfugaji. Wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao kutoka Shinyanga.

— Shikamoo, mzee Spoku. Gurudumu la nyuma linayumba.

— Marahaba, mwanangu. Lete nilione.

Adriano alisimama.

— Huyu asikae hapa.

— Kuna nini, mshikaji?

— Usiniite mshikaji! Yule mkuu wa wapagazi aliyemfunga Subira shingo katoka kwenu. Redio imesema.

— Redio imesema Masanja?

— Imesema watu wa kwenu!

Rozina alifuta kikombe ambacho kilikuwa safi.

— Nisamehe, Masanja. Leo maziwa sichukui. Tangu asubuhi kila mteja ananiuliza ni ya nani.

— Rozina, maziwa ni ya ng'ombe.

— Usifanye utani! alipaza sauti Adriano. Mabinti zetu waliozea njiani!

— Mwacheni, alisema Gaudensi. Sauti yake ilitoka ndogo, hata yeye hakuiamini.

— Unamtetea, mzee? Wewe Mfipa?

Adriano akaipiga baiskeli teke. Dumu likaanguka, kifuniko kikachomoka, maziwa yakapita chini ya benchi, na wote waliokaa wakanyanyua miguu yao yasiwaguse.

Masanja hakuinama kuliokota.

— Na mimi nimeisikiliza hiyo redio, alisema. Mke wangu Kabula hakula jana. Sasa niambieni kitu kimoja. Huyo mkuu wa wapagazi alikuwa mgeni. Hakujua kijiji, hakujua nyumba ipi ina binti. Nani alimfungulia mlango?

Cleophas alinyanyua kikombe, akanywa. Kilikuwa kitupu.

— Mwalimu, mjibu, alisema Adriano.

— Riwaya haijafika huko.

— Itafikaje? alisema Rozina taratibu. Siku ya kwanza kabisa tulimkuta Subira yuko njiani. Nyumbani kwao hatukuonyeshwa.

Kilio kilikuja kabla ya mwenye nacho. Lydia alitokea konani na mtoto mgongoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

— Baba, nishikie kidogo. Nimechoka.

Gaudensi alifuta grisi mikononi, akampokea. Kijimwili kile kilikuwa kimekakamaa kwa kulia. Aliyatazama maziwa yakinywewa na vumbi.

— Masanja, alisema. Ule mlango ni wa kwetu.

— Mzee, acha bwana, alisema Adriano.

— Kaa chini! Umemwaga maziwa ya mtu kwa ajili ya binti wa redioni. Babu wa baba yangu alikuwa na dada. Njaa ilipokaza, alimwamsha mwenyewe, akamvika nguo, akamtoa kwa mkono wake. Akalipwa chumvi na majembe. Shamba ninalolima mpaka leo lilifunguliwa kwa majembe hayo.

Lydia alikuwa ameshika mdomo.

— Baba, hukuwahi kusema.

— Nilikatazwa. Watu wakisikia jina lake watauliza alikwenda wapi. Ndiyo maana wazee wanataja wafu wote, huyu wanamruka. Na mtoto analia.

Hakumnong'oneza jina la yule dada. Alimwinua mtoto mbele ya benchi zima, juu ya maziwa yaliyomwagika, akalitamka kwa sauti ambayo kona yote iliisikia:

— Nakazwe.