Nafasi Tupu Karibu na Mlango

Ijumaa, tarehe 30 Novemba, mwalimu wetu wa sanaa atafunga kabati la rangi kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo, baada ya kuitumikia shule yetu ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi humwita Bi Tazama. Wazazi waliopita mikononi mwake humwita hivyo hivyo, ingawa baadhi yao wameshaanza kuota mvi.

Jina hilo alilipata kwenye jumba la makumbusho. Kila mwaka aliwapeleka huko watoto wa darasa la nne, na kila mwaka aliwanyang'anya penseli mlangoni. Mtoto alichagua kitu kimoja tu, chungu, ngoma au kiti cha miguu mitatu, akakaa chini mbele yake nusu saa nzima, akatazama. Kuchora kulisubiri hadi kesho yake darasani, kwa kumbukumbu. Mwaka wa kwanza mlinzi aliwafuata watoto unyounyo asije mmoja akagusa kitu. Mwaka wa tatu alikuwa amekaa nao sakafuni, akishangaa kwamba chungu alichokilinda miaka kumi kina ufa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, jirani yake wa chumba. Nilizoea kumtania kwamba nusu saa ya kutazama kiti ingetosha kufundisha jedwali la saba. Naye alinijibu kwamba watoto wangu wanajua kuhesabu viti, ila hawajawahi kukiona hata kimoja.

Baada ya ziara huja maonyesho, katika ukumbi mrefu unaopita mbele ya madarasa. Picha ya kila mtoto hutundikwa, tena kwa kimo cha macho ya mtoto, ndiyo maana wazazi hupita wameinama. Mkaguzi mmoja aliuliza kwa nini zisitundikwe kumi bora tu. Bi Tazama alimwomba kwa adabu awataje yeye mwenyewe watoto watakaoambiwa wasije. Mkaguzi aliinama, akaendelea kutazama.

Sasa niseme lililonifanya niombe kuandika wasifu huu.

Miaka kumi na miwili iliyopita, umeme ulikatika watoto wakiwa makumbusho. Msichana mmoja mpole aliendelea kukaa gizani mbele ya kinyago chake mpaka muda ukaisha. Kesho yake alipaka karatasi nzima rangi nyeusi. Jioni nilikuwa nikisaidia kutundika picha. Niliiona ile karatasi mezani, nikadhani ni ya kufutia brashi, nikaitupa pamoja na taka. Taka zilichomwa jioni ile ile.

Siku ya maonyesho msichana alikuja na babu yake, aliyevaa koti lake la heshima. Waliuzunguka ukumbi mara mbili. Mara ya tatu mtoto alikuwa akitembea bila kutazama kuta.

Nilielewa pale pale, nikageuka kulitazama pipa la taka. Bi Tazama alinitupia jicho mara moja, naye akaelewa. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akasema wazazi wote wakisikia kwamba picha imepotea mikononi mwake, akamwomba radhi. Babu alimwambia kwa uchungu kwamba mwalimu asiyetunza kazi ya mtoto asipewe watoto. Mtoto alipoombwa achore nyingine, alisema hawezi, kwa kuwa giza lile limeshapita.

Tangu siku hiyo, kabla mlango wa maonyesho haujafunguliwa, Bi Tazama husoma rejista na kugusa picha ya kila jina. Na kila mwaka huacha nafasi moja tupu karibu na mlango, yenye kadi ya mwandiko wake: "Hapa palikuwa na picha ya giza. Imepotezwa na mwalimu wa sanaa." Wageni huisoma, kisha humwangalia vibaya. Mara mbili nilimwendea nikitaka kukiri hadharani. Mara zote mbili alisema maonyesho ni ya watoto, si mahali pa walimu kutua mizigo yao. Nilishukuru kimoyomoyo, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko kosa lenyewe.

Mficha uchi hazai. Atakapoingia ukumbini Ijumaa, Bi Tazama ataikuta nafasi ile ile, tupu vile vile, ila kadi ni mpya na mwandiko ni wangu, mbaya kama wanafunzi wanavyoujua: "Hapa palikuwa na picha ya giza. Ilitupwa na mwalimu wa hesabu, aliyeiona asiitazame." Mwakani rejista nitaisoma mimi, jina kwa jina.

Bi Tazama, kwa niaba ya walimu, wanafunzi na yule mlinzi wa makumbusho, asante. Tunakuombea afya, siku nyingi, na kiti kizuri cha kukalia utazame chochote upendacho bila kuangalia saa. Nenda nyumbani mwepesi, dada yangu. Mzigo wangu nimeupokea.