Siku Tisa za Marungu: Maisha ya Symphorien Mulonda, Mpiga Picha wa Kataki

Kwa siku tisa, tangu Jumatano tarehe 22 Mei mpaka Alhamisi tarehe 30 Mei 2024, ndugu yetu Symphorien alikuwa mgonjwa sana huko kwenye milima ya Marungu, na rafiki zake wawili waliniambia kwenye simu kwamba ni mzima. Hilo ndilo kosa nililotendewa. Ninalisema mwanzoni ili lisipotee katikati ya sifa zake, kwa kuwa sifa zake ni nyingi na ni za kweli.

Symphorien Mulonda alizaliwa hapa Kalemie, mtaa wa Kataki, tarehe 14 Machi 1979. Baba yetu, marehemu Papa Kalunga, alifanya kazi ya reli. Mama yetu alikausha ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Tulizaliwa wawili tu, mimi Domitille wa kwanza, yeye wa pili. Mama alifariki mwaka 1990, Symphorien akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo mimi ndiye niliyempikia, nikamfulia, nikamtafuta jua likizama.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985. Mwaka huohuo mimi niliacha darasa la tatu, maana Baba alisema pesa yake ya minerval, ada ya shule, inatosha mtoto mmoja. Symphorien hakusahau. Akirudi shuleni alinichorea herufi kwa makaa kwenye sakafu ya jiko, nami nikiziiga alicheka, akiniita Yaya, dada mkubwa: «Yaya, hiyo D imelala, iamushe!» Sikufika mbali kuliko jina langu. Yeye alipata diploma ya serikali ya sekondari mwaka 1998. Maneno haya nimeyasema mimi, na binti yake Laetitia ameyaandika.

Mwaka 1999 aliingia kwa mpiga picha mzee karibu na bandari, akajifunza kazi miaka mitano, kisha akafungua studio yake mwenyewe. Lakini hakupenda kukaa studio. Alisema watu wa milimani nao wana sura. Basi akaungana na rafiki wawili: Théophile, mwenye pikipiki, na Rachidi, fundi wa mota za boti. Walibeba kitambaa kikubwa kilichochorwa ndege ya abiria, wakakitundika kila kijiji, na watu wakapanga mstari ili wapigwe picha mbele ya ndege. Walipiga picha, wakarudi Kalemie kuzisafisha, kisha wakapanda tena kuzipeleka. Huko Kirungu, juu mlimani, baridi ilimshinda Rachidi, mtoto wa ziwa, akajifunika ile ndege usiku kucha. Asubuhi Symphorien alimwambia, «Rachidi, umeshukia wapi?» Walifika mpaka Piana-Mwanga kuona bwawa la umeme, wakarudi wamelowa, wamepoteza viatu, wanacheka. Sijui walicheka nini. Kila safari walirudi wakicheka, na mimi ndiye niliyefua nguo.

Jumamosi tarehe 23 Agosti 2008 alifunga ndoa na Générose, mwanamke mpole aliyemfanya alale nyumbani mwezi mzima bila kusafiri, jambo ambalo mimi sikuliweza. Walipata Laetitia mwaka 2009 na Bénit mwaka 2013. Générose alifariki tarehe 5 Februari 2017 akijifungua, na mtoto naye. Nilihamia kwao siku ya mazishi, na sijatoka.

Lazima niseme habari ya mwaka 2016, kwa sababu hapo ndipo sheria yao ilipozaliwa. Mota ya boti ilikufa katikati ya safari ya Moba, upepo ukawasukuma hadi pwani isiyo na watu, wakakaa siku tatu wakila samaki wa kuchoma. Hapa mjini mtu akapiga simu kwa Mouna, mke wa Rachidi: boti imezama, wote wamekufa. Mouna aliingia msibani, nami nikaenda kulia naye. Wali ulipikwa, dua ikasomwa. Siku ya nne Rachidi alitokea kwa miguu, akakuta watu wamejaa uani kwake. Akaketi kimya nyuma ya wageni, akala wali wa msiba wake mwenyewe, akaomba aongezewe. Mouna aliyekuwa na sufuria alimtambua kwa sauti.

«Rachidi?»

«Ongeza na mchuzi, mke wangu. Marehemu ana njaa.»

Mouna alimrushia mwiko. Symphorien, aliyekuja nyuma yake, akapiga picha. Tulicheka wote, hata mimi. Lakini mama yake Rachidi alikuwa ameanguka aliposikia ile simu, na mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena. Ndiyo sababu wale watatu walikubaliana: habari mbaya inafika kwa miguu, haipiti kwenye simu. Wakiwa njiani, yeyote atakayepigiwa na watu wa nyumbani ajibu kwa furaha, na mambo mengine yasemwe watakaporudi.

Safari ya mwisho ilitoka Kalemie Alhamisi tarehe 16 Mei. Walikwenda Pepa, huko Marungu, kupiga picha za sherehe kwenye shamba la ng'ombe. Symphorien alishikwa na homa tarehe 22. Walimpa vidonge vya malaria na maziwa ya moto, wakangoja apone.

Nilipiga simu yake siku hiyo. Alijibu Rachidi.

«Yaya Domi! Ndugu yako njo huyu anagombana na ng'ombe. Anamwambia acheke, ng'ombe anakataa.»

Nilicheka.

Tarehe 24 nilipiga tena. Rachidi akasema amekwenda kunywa maziwa, atanenepa mpaka nimkatae mlangoni. Nilicheka tena. Tarehe 26 nikamwomba anipe Symphorien mwenyewe, hata neno moja. Akasema mawasiliano ni mabaya, sauti inakatika. Sauti yake Rachidi haikukatika. Niliona hilo, nikaliacha lipite.

Tarehe 27 alijibu Théophile. Nyuma yake nilisikia sauti inagumia, ndefu, inatoka chini.

«Théophile, nini hiyo inalia?»

«Njo ng'ombe, Yaya. Wako wengi hapa.»

Nilimlea Symphorien tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Nilimuuguza surua, nikamuuguza mguu uliovunjika. Nikasikia sauti yake mwenyewe, nikaambiwa ni ng'ombe, nikakubali.

Boti ya Moba, njia ya kwenda kwake, ilitoka Kalemie mara tatu katika siku zile tisa. Nilikuwepo bandarini mara zote tatu. Niliwauzia abiria wake ndagala, nikawatakia safari njema, nikarudi nyumbani.

Tarehe 28 walimfunga kwenye pikipiki katikati yao, wakamshusha mpaka hospitali ya Kirungu. Muuguzi aliyempokea aliniambia baadaye, «Mama, homa ya tumbo inatibika. Huyu alifika utumbo umeshatoboka.» Symphorien alifariki Ijumaa tarehe 31 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano. Siku hiyo sikupigiwa simu. Habari ilifika kwa miguu, kama sheria yao ilivyosema: Jumapili Rachidi alisimama mlangoni, na sanduku lilikuwa limeshashushwa bandarini.

Ameacha watoto wawili, Laetitia na Bénit. Ameniacha mimi, dada yake. Ameacha wakwe na shemeji wa upande wa Générose, na watu wengi wa ziwani na milimani ambao hawakuwa na picha mpaka yeye alipopita. Mungu ampokee, ampe mahali pa kupumzika, maana duniani hakupumzika.

Limebaki jambo moja. Nilimuuliza Théophile kwa nini hawakuniita. Akajibu, «Mwenyewe alikataza, Yaya. Alisema usisumbuliwe.» Nilimuuliza Rachidi peke yake, pembeni. Akalia, akasema, «Alikuita kila siku.» Tangu hapo kila mmoja ananikwepa. Leo wote wawili wamebeba jeneza, na wamekuja na kuondoka uwanjani petu bila kunitazama usoni.

Ikiwa alikataza, nitajua alifikiri juu yangu na akakosea. Ikiwa aliniita, basi aliniita nami nikawa bandarini nauza ndagala. Ni mambo mawili tofauti, nami siwezi kuyabeba yote mawili. Hakuna mwingine wa kumuuliza.

Théophile na Rachidi wanadaiwa kuja nyumbani kabla ya siku ya arobaini, waketi pamoja mbele yangu na mbele ya Laetitia na Bénit, waseme siku moja baada ya nyingine alichosema Symphorien, toka tarehe 22 mpaka tarehe 31. Wasinihurumie. Wasinichekeshe. Anayewadai ni mimi, Domitille, na mpaka saa hii hawajaja kuketi.