Mzee Hillary Mukhisa (1957–2025), Fundi wa Kingo za Ngazi

Marehemu Mzee Hillary Mukhisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 karibu na soko la Bumula, Kaunti ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Sifuna na marehemu Mama Nakhumicha.

Alisoma huko huko Bumula na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1972. Hesabu aliipenda; masomo mengine aliyavumilia tu. Agosti 1974 alitahiriwa, akasimama imara, na hakuacha kutukumbusha hilo maisha yake yote. Mwaka uliofuata alikwenda Kitale kujifunza useremala.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na Pauline katika kanisa la Naitiri, wakajaliwa watoto wawili, Lenah na Wakhungu.

Kazi yake ilikuwa ile mafundi wengine wanayoikimbia. Nyumba ikishajengwa, hubaki ufa pale vidato vya ngazi vinapokutana na ukuta na pale ngazi inapokanyaga sakafu. Ufa huo hufunikwa kwa skatingi, ubao mwembamba unaochongwa kufuata ukuta. Mwaka 1986 alipewa ngazi ya Mzee Wachira mjini Kitale, akazikata skatingi zote kwa rula, kana kwamba kuna ukuta uliowahi kunyooka. Mama Waruguru, mke wa Wachira, hakugombana naye. Alichukua karatasi, akaisukuma ukingoni, pale ubao unapokutana na ukuta, ikamezwa yote.

"Fundi, barua yangu imeingia huko," alisema. "Si uniletee."

Mzee wetu aling'oa kila ubao mbele yake, akaanza upya. Safari hii aliburuta penseli kando ya ukuta ili kila mbonyeo ujichore kwenye ubao, ndipo akapiga randa. Tangu siku hiyo alitembea na karatasi mfukoni. Kazi ikiisha, aliisukuma ukingoni mwenye nyumba akitazama. Ikigoma, alisema neno moja, "Imekataa," akakusanya vyombo vyake. Ngazi zake zimejaa kutoka Kitale hadi Bungoma mjini, nasi tunajivunia kila moja.

Isipokuwa moja. Mwaka 2012 alijenga ghorofa yake hapa Naitiri, na ngazi yake ikakaa miaka kumi na miwili na ufa wazi, kwa kuwa kila wiki alikuwa kwa watu.

"Kwa wenyewe unaziba hata siafu asipite," Mama Pauline alimtania. "Hapa kwako panya wanapita na mizigo, bana."

"Kesho, Mama Lenah," alijibu, na kesho ikawa hiyo hiyo.

Mwezi Novemba 2024 mapafu yalianza kumsumbua. Alitibiwa Kitale, kisha Bungoma, akarudishwa nyumbani asiweze tena kupanda ngazi. Kitanda kikawekwa sebuleni, na ule ufa ukawa mbele ya macho yake mchana kutwa. Ulimuuma kuliko kifua.

"Watu wakija kunizika watapita hapo," alimwambia Lenah, ambaye Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na sasa ni fundi Kitale. "Watasema nini?"

"Si nimalize mimi, Baba?"

"Maliza. Lakini huo ukuta ni mwongo, usiuamini."

Lenah alifanya kazi siku tatu. Mzee aliomba ashikwe mkono hadi kidato cha tatu, akajaribu, na karatasi ikaingia. Lenah aling'oa ubao, akachora upya, akapiga randa hadi jioni. Kesho yake Mzee alijaribu kila kidato alichoweza kukifikia, karatasi isiingie popote, kisha akampa binti yake ile karatasi aitunze. Tulimwona akilia, na ilikuwa furaha.

Siku tisa baadaye, Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, alifariki nyumbani akiwa amelala.

Ameacha mjane, Mama Pauline, watoto, Lenah na Wakhungu, mkwe, Chelimo, wajukuu watano, na dada yake, shangazi yetu, Senge Jescah.

Tukitoka kaburini, piteni sebuleni mpate chai. Chukueni karatasi hii mliyoishika, muisukume kwenye ukingo wa ngazi, popote mtakapo.

Pumzika kwa amani, fundi wetu. Imekataa.