Mpira Juu, Sponji Chini

Kibao kilicho nje ya kibanda cha fundi kufuli kina miguu mitatu na tofali moja. Anayekalia upande wa tofali hana haki ya kubisha sana, maana akipandisha mori tu wote wanakwenda chini. Asubuhi hiyo wabishi walikuwa wamesimama, kwa sababu kibao kilibeba vipande vya godoro: sponji ngumu ya bluu, sponji laini nyeupe, na bamba la mpira wa asili lenye vitundu vitundu, zito kama mtoto aliyesinzia. Mwenye vitu ni fundi mwenyewe, ambaye watu humwita Komeo, kwa kuwa akishajifunga kwenye jambo hafunguki. Ameapa kutengeneza godoro la nyumbani kwake kwa mikono yake, na kilichobaki ni kuamua kipi kikae juu na kipi chini.

— Rudi dukani, ndugu yangu, alisema Dalali, ambaye kila siku husifia nyumba asizowahi kulala ndani yake. Kila mtu na fani yake.

— Dukani sirudi.

— Si walikupa dhamana?

— Walinipa. Godoro likabonyea katikati, tukalirudisha kwa mkokoteni, mimi na mke wangu. Wakasema godoro ni zima, tatizo ni uzito wa mama. Yeye mwenyewe amesimama pale, anasikia.

Hata Birika, muuza kahawa, aliacha kumimina. Yaliyofuata Komeo hakuyasema. Tangu siku ile mama watoto amehamia chumba cha binti yao na analala mkekani, eti mgongo umekataa kitanda. Hakugomba wala hakununa. Hilo ndilo lililomuuma Komeo zaidi, maana mke akigomba unajua pa kuanzia.

— Basi mniachie mimi, alisema Refa, aliyechezesha mechi za mtaani mpaka magoti yakamkataa. Kwenye mpira mimi ndiye mwenyewe. Ukiuweka juu mtarushwa. Wewe ukigeuka huku, shemeji anapaa kule.

— Mpira huu si wa kuchezwa, Refa. Unatoka mtini.

— Mpira ni mpira. Uweke chini kabisa, sponji ngumu ndiyo ikae juu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.

— Walisemea magodoro?

— Walisemea kila kitu.

Dalali akatikisa kichwa.

— Mimi huo mpira wenyewe siuamini. Hugemwa, si ndiyo? Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wewe umeusifia wiki nzima. Huo umeshatiwa maji.

Komeo aliubonyeza kwa kidole. Ukarudi pale pale.

— Maji yako wapi?

— Maji ya ndani hayaonekani.

— Fuateni kahawa, alidakia Birika, ambaye hakuulizwa. Povu juu, machicha chini. Mnataka nini tena?

— Hapana, likatwe kati, alisema Refa, sasa amepamba moto. Ngumu upande wa baba, laini upande wa mama. Ikifika saa nane usiku unapuliza filimbi, mnabadilishana magoli.

Wakaanza kujaribu. Refa akakaa juu ya mpira, Dalali akakaa juu ya sponji, wakabadilishana, na kila mmoja akatoa hukumu kwa makalio yake. Hukumu zilikuwa nyingi kuliko makalio.

— Semeni mtakavyo, alisema Komeo. Nitaliunda. Likibonyea nitalifumua, niliunde tena. Hakuna mwenye duka atakayempima mke wangu kwa macho mara ya pili.

Hapo akatokea mama mmoja wa makamo, mgeni kijiweni, akiwa na ufunguo wa kuchongesha. Aliwasalimu, akauliza kibao kimekuwaje kitanda, naye akaelezwa na watu watatu kwa mpigo. Alisikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Na mkeo hulalaje? alimuuliza Komeo. Chali au ubavu?

Komeo alitafuta jibu, na kadiri alivyolitafuta ndivyo aibu ilivyompanda. Kikohozi cha mkewe anakijua, hata ufunguo wake ukiingia mlangoni anautambua. Lakini kila siku yeye hutangulia kulala, na mkewe hutangulia kuamka.

— Sijui, alisema.

Akachukua kamba, akavifunga vile vipande pamoja.

— Unakwenda wapi? aliuliza Dalali. Hata gundi hujapaka.

— Nyumbani, kumuuliza.

— Mwanamume hupeleka godoro, hapeleki swali. Utachekwa.

— Nichekwe. Kule dukani walimpa jibu bila kumuuliza, na sisi hapa asubuhi nzima tumefanya vivyo hivyo. Mama, utanivumilia na ufunguo wako?

— Nenda, nitasubiri.

Komeo akajitwika mzigo.

— Ubavu! Refa alimpigia kelele. Nakuhakikishia ni ubavu!

— Wewe umejuaje? aliuliza Komeo bila kugeuka.

Kicheko kikaangusha tofali.

Nyumbani alivitandaza vipande sebuleni, kimoja juu ya kingine, mpira ukiwa juu. Mkewe alisimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

— Umeshaamua kipi kiwe juu?

— Bado. Lala kwanza, nikuone.

Aliifuta mikono kwenye khanga, akajilaza kwa ubavu, uso upande wake.

— Siku zote hulala hivi?

— Siku zote, alisema mkewe. Wewe ndiye huwa umeshalala.