Kuhubiri Kisimani

Ndugu zangu wa kanisa la Kitengela, leo nimekuja kujisema mwenyewe. Wengi mnanijua. Mimi ndiye niliyekaa Qatar miaka minane, nikasomea diploma ya mambo ya maji, nikarudi nikajenga nyumba ya mawe bila kuchangiwa na mtu. Sisemi hivyo kwa kuringa tu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kosa langu lilianzia hapo.

Niliokoka huko ugenini. Niliugua sana, na mfanyakazi mwenzangu, Mfilipino, alikuwa akiniletea uji na kuniombea. Niliporudi nikajiambia: kazi nimeiweza, nyumba nimeiweza, hata watu wa kwetu nitawaleta kwa Yesu. Wa kwanza awe mjomba, kaka yake mama, aliyenilea baada ya baba kufa. Hakuwa amewahi kukanyaga kanisani.

Nikafunga spika kubwa juu ya pikapu, nikaenda nyumbani, upande wa Kajiado. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na asubuhi wazee wote huwa kisimani wakinywesha mifugo. Nikafika, nikawasha spika, nikaanza kuhubiri nikiwa ndani ya gari. Nawaambia, mtoto wa mfugaji mzima nilisahau ng'ombe ni nini. Sauti ilipolipuka wakatawanyika kila upande. Ng'ombe mmoja wa mjomba, mwenye mimba, akaanguka mtaroni akavunjika mguu. Alichinjwa papo hapo.

Nilishuka nikamwendea mjomba, nikainamisha kichwa. Mnajua kwetu mdogo huinama, na mkubwa humgusa kichwani, ndipo mazungumzo yaanze. Mjomba hakunigusa. Nikabaki nimeinama, watu wakitazama.

"Umehubiri kabla ya kusalimia," akasema. "Sasa ndio unakumbuka uko na kichwa?"

Mzee mwingine akadakia, "Huyo Mungu wake labda hasikii vizuri, ndiyo maana anapigiwa kelele."

Miezi mitatu mjomba hakushika simu yangu. Hata kuomba kulinishinda. Nilimlalamikia mke wangu kwamba watu wa kwetu wana mioyo migumu. Alikuwa akichambua sukuma wiki, na hakuinua macho. "Yule aliyekuletea uji kule," akaniuliza, "alikuwa na spika?"

Nikatoka nje, nikaitazama pikapu.

Kesho yake niliishusha ile spika. Nikaanza kwenda kisimani kila Jumamosi na nguo za kazi. Nilisafisha birika la kunyweshea, nikasukuma ndama, nikaziba bomba lililokuwa likivuja miaka na miaka. Na niliziba vizuri, sidhani kuna fundi Kajiado angeziba vile. Lakini mahubiri, hata neno moja. Kila nikifika niliinama mbele ya mjomba, naye akapita kama hajaniona.

Jumamosi ya sita, nikiwa nimeinama, nikasikia mkono wake kichwani. Mzito vile vile kama nilipokuwa mtoto.

"Mbona siku hizi huhubiri?" akauliza. "Umeachana na Mungu wako?"

"Sijaachana naye, mjomba. Naogopa kukufukuzia ng'ombe."

Akacheka kidogo. "Ng'ombe wameshakunywa. Sema."

Nikamwambia habari za ule ugonjwa, ambazo sikuwa nimemwambia mtu wa kwetu. Kwamba nililia nikimtaka yeye, na aliyekuja akawa mtu ambaye hata lugha yangu hajui.

"Hukuniambia ulikuwa mgonjwa."

"Niliona aibu. Nilitaka mjue ninafaulu tu."

"Na huyo mgeni akakupikia?"

"Wiki tatu."

"Basi niombee na mimi," akasema. "Kwa sauti ndogo."

Nikamwombea, sauti ndogo, tumesimama kwenye matope.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu kwa lile swali, na ninyi mlionivumilia nikiwafundisha kila kitu. Diploma yangu iko ukutani na bado naipenda. Ila mwenzangu, kabla hujamwambia jirani habari za Yesu, msalimie, umshikie kamba ya ndama wake, ungoje akuulize. Mjomba hajaja kanisani, na msiniulize atakuja lini. Jumamosi hii ameniambia niwahi. Kuna jambo anataka kuniuliza kabla ng'ombe hawajafika.