Vibandiko vya Tuulikki Havikuwa na Kosa

Muuguzi Tuulikki Karppinen anastaafu tarehe 30 Aprili, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo cha afya cha Hirvivaara. Mimi Hilja, mpishi wa kituo, nimeombwa niandike maneno ya furaha. Furaha mtaikuta kwenye keki.

Alianza enzi za kipima moyo cha kuning'inizwa shingoni na nyaya zake. Kikaja cha kubandika kifuani, mgonjwa akae nacho wiki mbili kinase moyo unaporuka. Tuulikki alinyoa vifua vyenye manyoya ya dubu, akafuta jasho na mafuta, akawapapasa kwa huruma vikongwe wenye ngozi nyembamba inayowasha. Wapasua kuni aliwaambia wapumzike. Na wote aliwaambia: sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, marufuku.

"Hata Jumamosi, siku ya sauna?"

"Hasa Jumamosi, baba."

Waliitikia, wakaenda. Mvuke ukalainisha gundi, kibandiko kikadondoka, nao wakarudi wakavu wa macho: "Kimetoka chenyewe, dada. Labda hukukibandika vizuri." Wakubwa wakasadiki. Wakamtoa chumba cha moyo, wakamweka mlangoni apime watu presha. Huko ndiko anakostaafia, mikono ile!

Aliyemponza zaidi ni kaka yangu Reino. Alimwapia kwamba alijifuta kwa kitambaa tu. Kumbe kibandiko kilikuwa msumarini, kando ya kofia yake ya sauna, mpaka asubuhi ya kurudi kituoni alipokigandisha kwa gundi ya viatu. Mpumbavu yule! Moyo wake uliruka bila chochote kuusikiliza. Tulimzika theluji haijayeyuka, na mjane wake Kerttu akamtukana Tuulikki mbele ya kaburi.

Majuzi Kerttu akaja jikoni kwangu akilia. "Sauna niliiwasha mimi, Hilja. Nisingeiwasha, angeninunia wiki nzima."

Nikamwambia, "Basi ungemwacha anune, si angekuwa hai!"

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye jarida linaloingia kila nyumba: Reino alienda sauna. Nanyi wengine mlienda, msinitazame hivyo. Tuulikki hakubandika vibaya.

Asante, Tuulikki, kwa kutuvumilia waongo sisi. Pumzika vyema, moyo wako usidai kibandiko cha mtu. Jumamosi njoo saunani kwangu, ukae benchi la juu, mahali pa Reino. Kerttu ndiye atakayechochea kuni. Ana neno lake kwako, na mlango nitausimamia mimi mpaka aliseme.