Mama Usile wa Kitengo cha Figo

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofika kutoka hospitalini mkiwa bado na sare zenu za kazi, kabla sijasoma tarehe hata moja naomba mnisaidie kuona chumba, chumba kidogo mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, chenye dirisha linalotazama mabomba ya jengo la jirani, meza ya mbao, mizani ya kusimamia, na trei ya vyakula vya plastiki, ndizi, kiazi, kipande cha nyama, nusu yai, vyote vimefifia rangi kwa kushikwashikwa, na nyuma ya meza hiyo mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, amemwinamia mgonjwa, anamwuliza taratibu, jana ulikula nini, na juzi je, na hicho kikombe ulichonywea kina ukubwa gani, hebu nionyeshe kwa mikono. Huyo ndiye tunayemzika leo. Mimi ni dada yake mkubwa, nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa sauti yangu imezoea kufika hadi madawati ya nyuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Februari 1959, mtoto wa tatu kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi marehemu baba yetu, na alilelewa na mama ambaye hakuwahi kutupa chakula, ukoko uliloweshwa ukaliwa, maganda yalikwenda kwa kuku wa jirani, na maji yaliyochemshia chochote yaligeuka mchuzi wa jioni. Alisoma shule ya msingi ya pale pale kiwandani kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1973 hadi 1978, ambako mwalimu wa sayansi aliandika kwenye ripoti yake kwamba binti huyu anauliza sana, maneno ambayo baba aliyasoma kama malalamiko na mama akayasoma kama sifa. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha lishe, safari ya siku mbili kwa treni, akahitimu stashahada yake mwezi Novemba 1982.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika hospitali kuu kama msimamizi wa jiko la wagonjwa, na baada ya mafunzo ya ziada ya mwaka mmoja alihamishiwa kitengo cha figo siku kilipofunguliwa, tarehe 1 Aprili 1992, kikiwa na mashine sita za kusafisha damu na viti sita vya wagonjwa vilivyopangwa kando ya ukuta. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, niieleze kama alivyonieleza mimi, kwamba ndani ya viazi, ndizi, nyanya na mboga za majani mna chumvi iitwayo potasiamu, ambayo figo nzima huitoa kwenye mkojo bila sisi kujua, lakini figo ikishindwa chumvi hiyo hubaki kwenye damu, ikijaa huufikia moyo, na moyo husimama bila kupiga hodi. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mtu na sahani yake. Wagonjwa walimpa jina la Mama Usile, na akipita asubuhi kati ya viti walimtania, mmoja akiuliza, "Mama Usile, na hewa je, tuipime kwanza?" naye akijibu bila kugeuka, "Vuta nusu, nusu mwachie jirani."

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu aliyekaa hapa mbele, fundi wa mizani, ambaye aliitwa hospitalini kurekebisha mizani moja na akarudi mara tatu kuiangalia, ingawa mwenyewe anakiri kwamba mara ya kwanza ilishapona. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1988, na wa kike aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1992, na nyumba yao ilikuwa ya vicheko, mpaka mwaka ninaoufikia sasa.

Katika historia za namna hii huwa tunasoma tarehe za marehemu tu. Mdogo wangu aliniagiza niongeze tarehe isiyo yake, na nilipomwambia kwamba watu watashangaa alisema, "Dada, ukiiruka hiyo utakuwa umesoma historia ya mtu mwingine." Tarehe yenyewe ni Jumatatu, 8 Juni 1998.

Siku hiyo alifariki mpaka rangi mmoja, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, aliyekuwa akisafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwenye kiti cha nne, mtu wa mizaha, ambaye viatu vyake vilikuwa na matone ya rangi za nyumba zote alizowahi kupaka, na aliweza kukuonyesha, hii ya benki, hii ya shule, hii ya chumba cha maharusi. Wiki mbili kabla, Mama Usile alikuwa amemfundisha mkewe, muuza nyuzi na vifungo, namna ya kupunguza potasiamu kwenye viazi, kwamba umenye, ukate vipande vidogo, uchemshe kwa maji mengi, kisha uweke maji mapya na kuchemsha tena, akamwandikia hatua hizo kwenye karatasi, akamwuliza kama ameelewa, mama yule akaitikia ndiyo, naye akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha fomu kilichoandikwa "Ameelewa".

Asubuhi ile ya Jumatatu yule mpaka rangi aliletwa akiwa hawezi kusimama, na kabla hajaunganishwa na mashine moyo wake ulisimama, madaktari wakajitahidi kwa dakika arobaini, wakashindwa. Mdogo wangu alikwenda kukaa na mjane kwenye benchi la korido, akamshika mkono, na mama yule, katika kulia kwake, akasema, "Dada daktari, viazi nilivipika vile vile ulivyonifundisha, mara mbili, na yale maji ya kwanza sikuyapoteza, si ndimo nguvu zote zimo, nikampikia supu, jana kanywa vikombe viwili, akaniambia leo ndiyo umepika."

Mdogo wangu alirudi kwenye chumba chake, akaisoma ile nakala ya karatasi aliyokuwa ameiandika kwa mkono wake, akaona ameandika weka maji mapya, na hakuna mahali palipoandikwa yale ya zamani yaende wapi wala yana nini ndani yake, yeye aliyekulia kwenye nyumba ambamo maji ya kuchemshia hayakumwagwa hata siku moja.

Jioni ile alikuja kwangu, akanieleza yote, akaniuliza amwambie mjane au asimwambie. Mimi nilimshauri anyamaze. Nilimwambia, mwache mama wa watu aomboleze, ukimwambia sasa utakuwa umezika wawili. Nilidhani nasema kwa huruma, naye alinisikiliza kama alivyonisikiliza tangu utoto.

Tangu hapo yule mpaka rangi hakuondoka nyumbani kwa mdogo wangu. Sisemi kwamba mtu aliona kivuli, nasema mdogo wangu alikuwa akimwaga maji kwenye sinki na kubaki amesimama hadi tone la mwisho liishe, na ukimwita hasikii, viazi vilikoma kupikwa katika nyumba ile, na mezani alikuwa akinyamaza ghafla, amegeuza uso kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema. Shemeji alijaribu kuligeuza mzaha, akasema, "Naona mgeni wako leo amewahi," lakini baada ya miezi aliacha kutania, akajikuta na yeye anasogeza kiti kumpisha. Mwaka 1999 binti yao aliingia darasani kwangu, nikawaambia watoto wachore familia zao, akachora baba, mama, kaka, yeye mwenyewe, na pembeni mwanamume mwenye viatu vya madoadoa, na nilipomwuliza huyu ni nani aliniambia bila hofu yoyote, "Huyu ni wa mama." Mtoto hakuwahi kumwona mtu yule. Mchoro huo nilimwekea vema, nikaenda kulia stoo.

Kazini kila Jumatatu alifika saa kumi na mbili asubuhi, akasimama mlangoni akiwahesabu wagonjwa waingiavyo, kama mwalimu anavyohesabu watoto baada ya safari, na hakukaa hadi viti vyote viwe na watu. Alibadilisha pia namna yake ya kufundisha. Kile kisanduku cha "Ameelewa" hakukigusa tena, badala yake alimkalisha mgonjwa au ndugu yake kwenye kiti chake mwenyewe, akamvalisha miwani ya kamba, yeye akaenda kukaa upande wa pili na kusema, "Haya, sasa wewe ndiye mimi, nifundishe, na mimi ni mbishi." Na mtu akifika kwenye viazi, alimuuliza, "Na maji yake utayapeleka wapi? Kwa nini?" asimwachie mpaka alitaje jibu kwa maneno yake mwenyewe. Watu walicheka sana katika chumba kile, walitoka wakijiita madaktari, na wakubwa wa hospitali waliagiza vitengo vingine vifundishe vivyo hivyo, wakampa cheti tarehe 12 Oktoba 2007, cheti ambacho tulikikuta juzi kabatini, hakijatolewa kwenye bahasha.

Alistaafu tarehe 19 Februari 2019. Mwezi Agosti 2023 alianza kupungua uzito na kuchoka, na tarehe 4 Septemba vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Aliyeuliza watu maisha yake yote wamekula nini, akafika mahali kijiko kimoja cha uji kinamchukua nusu saa, na hakulalamika, ila aliniita akaniambia, "Dada, ulinishauri vibaya, nami nilikusikiliza kwa sababu nilikuwa naogopa, sasa nitafutie yule mama."

Sikuhangaika kumtafuta. Alikuwa bado sokoni, kwenye safu ya wauza nyuzi, amezeeka, ana kibao chake cha kupangia vifungo. Tarehe 11 Novemba 2023 alikuja, akakaa kando ya kitanda, na mdogo wangu akamwambia yote, kwamba ile supu ndiyo iliyobeba kile ambacho moyo wa mumewe haukukiweza, na kwamba kosa ni la aliyefundisha bila kueleza sababu, si la aliyepika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasubiri kilio, nikasubiri matusi, nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

Alichosema ni hiki, "Ile Jumapili jioni aliniambia miguu haina nguvu. Nikamwambia acha udeko, kesho si ni zamu yako. Miaka ishirini na mitano, dada daktari, mimi nimejua kwamba nilimuua kwa neno hilo."

Ndipo nilipoelewa kile nilichokishauri. Tulidhani tumemfichia mzigo, kumbe tulimwacha atafute sababu peke yake gizani, naye akaokota iliyokuwa karibu, akaibeba. Mdogo wangu alimweleza, polepole, kama alivyoeleza maelfu, kwamba udhaifu wa miguu ulikuwa dalili tayari, na kwamba mtu asiyefundishwa dalili hawezi kuijua. Mama yule aliuliza maswali mengi. Kisha akauliza moja la mwisho, "Kwa hiyo ni mimi, au ni wewe?" na mdogo wangu akajibu, "Ni mimi," mama akasema, "Basi kidogo ni mimi pia, usichukue yote," akavaa viatu vyake, akaondoka. Hakusema amesamehe, nasi hatukumwomba aseme. Shemeji ananiambia kwamba baada ya siku ile mgeni hakuondoka, ila mkewe aliacha kumsikiliza kwa hofu.

Marehemu alifariki tarehe 27 Januari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sisi ndugu zake wawili.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda sokoni kuomba ruhusa. Mama yule alisema, "Soma yote, mwalimu, lakini useme pia kwamba ile supu tuliinywa tukicheka." Nimesema. Yupo hapa kati yetu, naomba msigeuke kumtafuta.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa muuguzi aliyemfundisha shemeji kumgeuza bila kumuumiza, majirani waliotufungulia mageti yao na kutuletea viti kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake wa kitengo cha figo waliogawana zamu ili mashine zisisimame na ili waweze kufika hapa, na wagonjwa wake, ambao leo si siku yao ya mashine wala ya kuchoka, nao wamechoka kwa ajili yake.

Mdogo wangu, umemaliza kazi, upumzike sasa kwa amani, na anayekusubiri akupokee vizuri.

Nanyi wapendwa, mtakaporudi majumbani, naomba mkumbuke jambo moja tu, kwamba mtu aliyefiwa huendelea kutafuta sababu hata akionekana ametulia, basi kama kuna kitu mnachokijua, msimwache aitafute peke yake, nendeni mkae naye, mwambieni.